Gari la Nyuma ya Ukuta

Kazini walimwita Breki, na jina hilo likamganda mpaka nyumbani, mpaka kwa muuza duka wa kona, mpaka mkewe mwenyewe akawa analitumia akitaka kumchokoza. Alikuwa dereva wa ofisi ya serikali tangu ujana wake hadi mvi zilipomjaa kidevuni, na muda wote huo hakuwahi kugonga hata kuku. Wenzake walidai kwamba akihisi kuna shimo mtaa wa pili, anaanza kukanyaga breki mtaa huu. Na mtu akisema mbele yake kwamba ajali haina kinga, alikuwa anatikisa kichwa.

"Ina kinga," alikuwa anasema. "Kinga yake ni mguu wa kulia."

Zaidi ya hapo hakuwa na maneno. Wakubwa aliowaendesha walimpendea hilo. Unaweza kuongea siri zako zote kiti cha nyuma na Breki asigeuze hata sikio. Maneno ya nyumba yao yote aliyabeba mkewe. Mama huyo, ukimsalimia sokoni asubuhi, ujue mboga zako zitanyauka mkononi. Alijua nani kaachwa, nani kaposwa, nani kapunguza umri wake, na kila habari aliisimulia kwa sauti za wahusika wote. Breki alikaa kwenye kiti chake cha jikoni na kikombe cha chai, akasikiliza. Watu wakiuliza siri ya ndoa yao kudumu, mke ndiye aliyejibu, kama kawaida.

"Mmoja mdomo, mmoja masikio. Wakiwa na midomo wote wawili nyumba inaungua."

Alipokaribia kustaafu, ofisi iliamua kusafisha yadi yake ya nyuma. Huko, chini ya turubai lililochanika, kulikuwa na gari dogo la zamani lililobeba wakubwa kabla yeye hajaajiriwa: uso wa mviringo, bampa za chuma cha kung'aa, usukani mwembamba kama pete. Kung'aa kwenyewe kulibaki jina tu. Majani yalikuwa yameota sakafuni na panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha nyuma. Breki aliliomba, akapewa, akalivuta kwa trekta la kuazima hadi nyumbani. Mkewe alitoka nje na mwiko mkononi, akalizunguka, akashika kiuno.

"Wanawake wenzangu wakiletewa mke mwenza, huletewa binti mbichi," alisema. "Mimi nimeletewa ajuza mwenye kutu."

"Nitamtengeneza."

"Mtengeneze. Ila mimi ndiye mke mkubwa. Nikipanda, nakaa mbele."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ubavuni kulikuwa na gereji aliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya saruji, ikiegemea ukuta wa chumba chao cha kulala. Mbele ilikuwa na milango miwili ya chuma iliyofunguka kwa nje. Ndani kulikuwa na mlango wa mbao wenye kidato kimoja, uliotokea kwenye korido. Mkewe aliweka kigoda chake hapo kwenye kidato, akawa anachambua mchele na kusimulia huku Breki akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Akitaka kujua kama anasikilizwa, alimpiga teke la mguu. Mguu ukisogea, anaendelea. Kama furaha ina sura, basi kwa Breki ilikuwa ndiyo hiyo: mgongo kwenye kipande cha boksi, grisi usoni, na sauti ile juu yake.

Haikudumu. Asubuhi moja, akiwa ameshastaafu, alikuwa analegeza boliti za bomba la moshi, akasikia mwiko ukianguka jikoni. Akasubiri lawama, maana mkewe hakuwahi kuangusha kitu bila kukilaumu kitu chenyewe. Lawama hazikuja. Alipofika alimkuta ameegemea kabati, mdomo umevutwa upande, uji unamwagika motoni.

Kiharusi kilimwacha hai, lakini kilichukua chake. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa. Na katika maneno yote aliyokuwa nayo, ghala zima lile, akabakiziwa moja: haya. Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Binti yao alipokuja kutoka mji anakofundisha, mama alimshika shavu kwa mkono wa kushoto, akahangaika kulitafuta jina alilompa mwenyewe, likatoka haya. Binti akatoka nje kulia.

Daktari aliwaeleza kwamba akili ya mgonjwa ni nzima, anafahamu kila anachoambiwa, ila njia ya maneno ndiyo imekatika. "Msemesheni," alisema. "Hata asipojibu, msemesheni sana. Hiyo ni dawa."

Dawa hiyo Breki hakuwa nayo.

Alijaribu. Alikaa kando ya kitanda, mikono magotini, akasema, "Mvua imenyesha." Mkewe akasema haya. Akasema, "Binti kapiga simu, anasalimu." Haya. Hapo akawa amefika mwisho wa barabara. Mkewe alimtazama kwa macho yaliyojaa habari, na Breki akahisi kama mtu aliyekalishwa mbele ya hadhara bila hotuba. Akainuka.

"Ngoja nikaangalie kitu kule."

Kule kulikuwa gereji, na kitu kilichukua mpaka jioni.

Aliyeokoa nyumba ile alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Alikuwa mjane ambaye watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, fundi cherehani mwenye mikono isiyotulia. Alikuja na begi moja akisema anakaa kidogo, na kidogo hicho kikaota mizizi. Alimwogesha dada yake, alimgeuza ubavu asipate vidonda, alimlisha uji kijiko kwa kijiko akimfuta kidevu, na alimsemesha bila kukoma: cherehani yake, majirani zake, bei ya nyuzi. Akiishiwa habari, alitunga.

Breki kwa upande wake alizama garini. Alilifungua lote mpaka likawa mifupa, kila boliti akaitia kwenye makopo ya maziwa ya unga. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka vumbi jekundu likawa linatoka puani mwake akipenga. Palipokuwa pameoza kabisa, alikata bati bovu akachomelea jipya, akapaka puti ya kuzibia mashimo, akapiga msasa, akapaka tena. Alishusha injini kwa mnyororo aliofunga kwenye boriti, akaitoa pistoni moja moja, akaziosha kwa petroli. Fundi mmoja wa jirani alijitolea kumsaidia. Breki alimshukuru akamrudisha mlangoni. Hakutaka mtu. Kwa gari alijua la kufanya. Kitu kikikataa, kuna sababu, na sababu ukiitafuta unaipata, na ukiipata unaiondoa. Kule chumbani kwa mgonjwa hakukuwa na sababu ya kuondoa.

Siku moja shemeji alimfuata, akasimama kwenye kidato akiwa na taulo begani.

"Shemeji, hivi dada yangu ni mgonjwa wa nani?"

Breki aliweka msasa chini. "Wangu."

"Nilidhani nimekosea nyumba. Asubuhi unamchungulia kama mtu anayeangalia kama duka limefunguliwa. Jioni unamchungulia tena. Mgonjwa si kalenda, shemeji, ya kutazamwa ukipita."

"Sijui nimwambie nini."

"Nani kakwambia umwambie? Kaa. Kukaa tu nako kunataka cheti?"

"Nikikaa ananitazama."

"Ulitaka amtazame nani?"

Breki aliangalia mikono yake. Alitaka kusema kwamba macho yale yanamdai maneno ambayo hajawahi kuwa nayo, na kwamba kila akisikia neno lile moja likitoka kwenye mdomo uliokuwa na elfu, anatamani kurudi chini ya gari. Lakini hata hilo lilihitaji maneno.

"Nitakuja," alisema.

Alikuja jioni hiyo, akakaa kidogo, akaondoka.

Hata hivyo kuna jambo lilianza lenyewe. Mkewe alikuwa na kijiko cha bati mezani, cha kugonga akihitaji msaada. Siku moja shemeji alikuwa anaanika nguo uani, na Breki akasikia kijiko kikigonga ukutani, upande wa gereji. Alikimbia. Alimkuta mkewe amelala vizuri, hana kiu, hana haja yoyote. Kesho yake vivyo hivyo. Mara ya tatu shemeji alikuwepo, akacheka.

"Hataki kitu. Anauliza kama upo. Nyundo ikilia anatulia. Ukinyamaza sana anakosa raha. Juzi spana ilipokuangukia ukatukana, alicheka mpaka nikamshika asidondoke."

"Anasikia?"

"Anasikia! Mwenzio yuko huko gereji na wewe kutwa nzima. Mpaka najua ukipiga msasa na ukifunga boliti, ananionyesha kwa mkono."

Tangu hapo, kijiko kikigonga mara mbili, Breki naye aligonga ukuta mara mbili kwa mpini wa nyundo. Yakawa ndiyo mazungumzo yao. Upo? Nipo. Ilimtosha, au alijiambia inatosha. Ilikuwa rahisi kuliko kuingia chumbani, na kwa sababu ilikuwa rahisi akaacha karibu kabisa kuingia.

Gari lilianza kurudi kuwa gari. Bampa zilirudi kung'aa. Alishona viti kwa ngozi ya bandia, shemeji akamsaidia mishono migumu kwa shingo upande. Bodi alilipulizia rangi ya maziwa, tabaka juu ya tabaka. Kilichobaki kilikuwa kabureta, ambalo alilituma kwa fundi wa mbali mwenye ujuzi wa injini za zamani, likakawia, likarudi limefungwa gazetini kama mkate.

Alilifunga asubuhi ileile lilipofika. Shemeji alikuwa ametoka kwenda sokoni na duka la dawa. Mawingu yalikuwa yameshikana. Breki alifungua milango ya chuma, akamimina petroli kidogo, akaunganisha betri, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likakohoa kwa muda mrefu zaidi, likatema moshi mweusi, likazima. Alilegeza skrubu, akajaribu tena. Injini ikashika. Ilitetemeka mwanzoni kama mtu mwenye homa, halafu ikajikuta, ikaunguruma sawasawa.

Ukutani kijiko kiligonga, si mara mbili, ni mfululizo, tapa tapa tapa, kama mtu anayepiga makofi kwa mkono mmoja. Breki alicheka kwa sauti. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini. Alichukua nyundo akajibu mfululizo vilevile.

Mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika, na upepo ukaisukuma ndani ya gereji, moja kwa moja juu ya boneti yenye tabaka la mwisho la rangi, ambalo lilikuwa halijakauka vizuri. Breki aliruka akavuta milango ya chuma, akaifunga na kuikomea.

Alijua. Hilo ndilo alilokuja kulirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza na kwa wasiomuuliza. Si kwamba hakujua. Kila kijana aliyeanza udereva pale ofisini, yeye ndiye aliyemfundisha: injini haiwashwi mahali palipofungwa, moshi huo hauna huruma, unaua mtu huku umembembeleza. Alijua kama anavyojua kulia na kushoto. Lakini injini ndiyo kwanza imeamka, na akiizima huenda isiamke tena, na ilihitaji kupata moto kidogo ili arekebishe mlio wake. Dakika mbili tatu tu, alijiambia. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, sikio kwenye injini, bisibisi mkononi.

Kichwa kilianza kumgonga. Alidhani ni njaa. Akajaribu kuinuka kwenda kwenye ufunguo, miguu ikawa uji. Kitu cha mwisho anachokumbuka ni ubaridi wa bampa shavuni, na kwamba haukuwa mbaya.

Yaliyofuata alisimuliwa na shemeji yake, ambaye naye aliyapata kwa kuyasoma sakafuni.

Mkewe aligonga, hakujibiwa. Bila shaka aligonga tena na tena, maana rangi ya ukuta kando ya kitanda ilikuwa imebanduka pahala pakubwa na kijiko kilikuwa kimepinda. Injini ilikuwa inaunguruma vilevile, haipandi haishuki, na yeye aliyekuwa amesikiliza gereji ile kutwa kucha alijua kwamba hakuna fundi anayeiacha injini iliyotoka kutengenezwa ilie hivyo bila kuigusa. Basi akajitupa kutoka kitandani. Alianguka upande uliokufa, na hapo ndipo nyonga ilipovunjika. Beseni la kando ya kitanda lilipinduka, na maji yake yalionyesha njia nzima aliyopita: kutoka chumbani, kizingiti, korido, mpaka mlango wa mbao. Alijivuta kwa mkono mmoja na kisigino kimoja, na mfupa umevunjika. Kitasa kilikuwa juu. Namna alivyokifikia hakuna ajuaye. Shemeji aliporudi amelowa chapachapa, mlango ulikuwa wazi na dada yake amelala juu ya kidato, nusu ya mwili korido, nusu gereji, mkono wa kushoto umenyooshwa kuelekea miguu ya mumewe, haukufika.

Shemeji hakupiga kelele kwanza. Alivuta pumzi akaibana, akaziba pua kwa mtandio, akaruka juu ya dada yake, akazima ufunguo, akafungua milango ya chuma, akamburuta Breki kwa kwapa mpaka kwenye mvua. Akarudi kwa dada yake. Halafu ndipo akapiga kelele, na majirani wakaja.

Hospitali ilisema kwamba pumzi iliyomweka hai Breki iliingia kwa mlango ule wa mbao. Yeye alipona upesi, akabaki na maumivu ya kichwa tu. Mkewe hakuwa na mwili wa kustahimili kupasuliwa. Walimfunga mguu, wakamlaza, na baada ya siku chache kifua kikaanza kujaa.

Binti alifika na basi la kwanza. Alisikiliza yote kutoka kwa mama yake mdogo, kisha akamfuata baba yake aliyekaa kwenye benchi la nje ya wodi.

"Baba, wewe? Wewe uliyekuwa unanizuia nisiwashe hata jiko la mkaa ndani?"

"Mimi."

"Ulikuwa unataka kufa?"

"Hapana. Nilikuwa nalinda rangi isilowe."

Binti alimtazama kama mtu aliyetegemea kitu kikubwa zaidi. "Rangi," alisema. Kisha akasema lililokuwa chini ya hilo. "Ulikuwa unamkimbia Mama. Mama mdogo ananiambia kwenye simu kila siku. Umemkimbia mpaka amekufuata kwa tumbo."

"Ndiyo," alisema. Binti akaondoka pale, na toka hapo alimpita baba yake kama anavyopitwa mgonjwa wa mtu mwingine.

Ndipo Breki alipokaa. Hakuna aliyemwambia. Asubuhi milango ya wodi ikifunguliwa yuko wa kwanza, na muuguzi ndiye aliyemtoa jioni. Mkewe alikuwa anapumua kwa shida, macho yake yako kwake kama zamani, na safari hii Breki hakuyakwepa. Ila maneno yalikuwa bado hayapo. Kwa kukosa lingine akaanza kumwambia kitu pekee alichokijua kwa moyo: barabara.

"Ukitoka mjini asubuhi," alisema, "unapita kituo cha mafuta, halafu kuna kona ya kulia. Pale usikimbie, kuna mchanga. Ukishuka unaona daraja."

"Haya," mkewe alisema. Halikuwa haya la kuchoka. Lilikuwa haya la mtu anayevuta kigoda: enhe, ikawaje?

Akaendelea. Alimpeleka kwenye safari zote alizowahi kuwaendesha wakubwa, zile alizokuwa akirudi nazo nyumbani usiku na akiulizwa vipi huko anasema salama tu. Kumbe alikuwa nazo. Alimwambia juu ya bosi aliyelia kiti cha nyuma kutoka mlima mpaka baharini asiseme kwa nini. Alimwambia juu ya yule mwingine aliyelala akakoroma mpaka mapolisi wa kizuizi cha barabarani wakacheka. Alimwambia ukungu wa milimani unavyokuja kama pazia, na punda aliyekataa kutoka barabarani, na chai aliyokunywa kwenye vibanda visivyo na jina akimfikiria. Hilo la kumfikiria alilisema akiangalia dirishani. Mkewe alimkamata kidole kwa mkono wa kushoto, akasema neno lake, taratibu, na Breki akalielewa bila kulitafsiri.

Shemeji alisimama mlangoni na chupa ya uji, akarudi nyuma asiwakate.

Alasiri moja alikuwa katikati ya barabara mbaya ya mlimani, ile ya kona nyembamba, akahisi kidole chake kimeachwa. Aligeuka akatazama. Alijua. Muuguzi alikuwa karibu, angeweza kumwita. Lakini huwezi kumwacha abiria katikati ya mlima. Breki aliendelea kwa sauti ileile, akateremka kona baada ya kona, gia ya pili, gia ya kwanza, mpaka wakafika bondeni kwenye barabara iliyonyooka. Hapo akanyamaza, ndipo akaita.

Mazishini watu walimshika mkono mmoja mmoja. Kazi ya Mungu, walimwambia. Ajali haina kinga. Wale waliofanya naye kazi walisita kidogo walipolitamka hilo, wakingoja jibu lake la siku zote. Akawashukuru kwa kuja. Binti alirudi kwenye mji wake bila kumuaga zaidi ya kumwambia mama yake mdogo ahakikishe mzee anakula.

Shemeji alibaki, akaendelea kulala chumba kile cha mgonjwa, maana vitu vyake vilikuwa humo tangu alipokuja kuuguza. Gereji ilifungwa. Breki alishinda kwenye kiti cha jikoni, mikono mezani, na shemeji alipika, akampakulia, wakala bila kusemeshana sana. Mikono ya mtu aliyezoea kazi ni kama mbwa aliyefungwa, haitulii. Alianza kukunja na kukunjua kitambaa cha meza. Alikaza skrubu za kabati zisizolegea. Mwishowe, asubuhi moja, alizifungua pande zote mbili za mlango wa chuma, akaziegeshea mawe zisifunge, akaingia. Rangi ya boneti ilikuwa imeharibika. Maji ya mvua yaliyoingia alipokuwa anaburutwa yalikuwa yameiachia vidoa vidoa kama ndui. Akachukua msasa.

Mchana shemeji alitokea, si kwenye kidato, alizungukia nje. Alikuwa amevaa viatu vya safari na begi liko miguuni mwake.

"Naondoka, shemeji."

Breki alisimama na msasa mkononi. "Ni hii sauti."

"Ni hiyo. Nilikuwa nimelala nikaisikia ukutani. Nikageuka kumtazama dada kama anacheka." Alikaza zipu ya begi. "Sikulaumu. Nilikulaumu, nikachoka. Na sikuzuii, fanya kazi yako, utafanya nini kingine? Lakini mimi sauti hiyo siiwezi."

"Nitaacha."

"Usiache kwa ajili yangu. Nina cherehani yangu inaota kutu huko. Hapa kidogo changu kimeisha."

"Basi nikupeleke stendi. Linatembea. Breki nilizifunga zamani."

Shemeji aliliangalia gari kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Lilikuwa zuri, hata na vidoa vyake. "Mimi hilo sipandi," alisema kwa upole. "Leo wala kesho."

Breki alifuta mikono, akalinyanyua begi, akaliweka begani. Walitembea kwa miguu mpaka stendi, yeye mbele, shemeji nyuma, wakipisha madimbwi. Wapita njia waliwasalimu kwa pole. Begi lilikuwa zito na bega lilimuuma, akakataa kupokewa. Basi lilipokuwa linaondoka, shemeji alifungua dirisha.

"Kuna mchele kwenye kopo la bluu. Na usishindie chai tupu, unanisikia?"

"Nimekusikia."

Gari alikuja kulimaliza baadaye, na watu hulikodi kwa harusi. Yeye ndiye analiendesha, vioo vyote vinne viko chini hata kukiwa na baridi, na maharusi wakilalamika juu ya vumbi anawaambia wavumilie. Lakini siku ile ya stendi hakurudi gereji. Alirudi jikoni, akakaa. Nyumba ilikuwa imetulia kiasi cha kusikia bomba likidondosha tone. Jua lilikuwa linashuka aliposikia simu inalia, akadhani ni shemeji amefika.

Alikuwa binti yake. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi.

"Mama mdogo kaniambia ameondoka."

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Baba."

"Sijala."

Upande wa pili binti alivuta kiti. Breki alisikia watoto wa jirani wa binti yake wakicheza kwa mbali, na mlango ukifungwa. "Unajua kupika wali?"

"Sijui."

"Chukua mchele. Kikombe kimoja. Uchambue kwanza, usiuoshe na mawe yake. Umewasha jiko?"

"Nimewasha."

"Bandika maji. Usiweke mchele mpaka yachemke."

Alibandika. Akafungua dirisha la jikoni, halafu na mlango. Kisha akarudi kwenye simu, akakaa kwenye kiti chake, mchele uko mbele yake kwenye ungo, akautenganisha na mawe kwa kidole. Sauti ya binti ilikuwa na ukali bado, na huenda ungekaa humo miaka.

"Yamechemka?"

"Bado."

"Basi tusubiri," binti alisema, na hakukata simu.